Saa kubwa za mkononi: mtindo utadumu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saa inaitwa kubwa kuanzia milimita ngapi?

Namba inayotajwa dukani ni kipenyo cha bodi, yaani ganda la saa, bila kuhesabu kifundo cha pembeni kinachozungushwa kurekebisha saa. Kwa saa ya kiume ya leo, mm 36 hadi 38 ni ndogo, 39 hadi 41 ni ya wastani, 42 na 43 imeanza kuwa kubwa, na kuanzia 44 kwenda juu hakuna ubishi. Mipaka hii huhama. Calatrava ya kwanza ya Patek Philippe, toleo namba 96 la mwaka 1932, ilikuwa na mm 31 hivi, na ilivaliwa na wanaume wazima wenye suti zao. Rolex Datejust ya mwaka 1945 ilikuwa mm 36, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa saa kubwa.

Basi kwa ufupi: mtindo utadumu au umekwisha?

Inategemea unaulizia ukubwa upi. Ukubwa kama kipimo cha kawaida cha kila saa ya kiume umekwisha, na ulianza kurudi nyuma katikati ya miaka ya 2010. Ukubwa wenye kazi, kama wa saa za wazamiaji, za marubani na saa janja, upo na utaendelea kuwepo. Kinachokufa ni saa ya mm 46 ambayo ndani yake mna mashine ndogo, betri ndogo, na nafasi tupu inayobaki.

Ulianzia wapi?

Jeshini. Panerai ya Florence iliwatengenezea wazamiaji wa jeshi la majini la Italia saa za mm 47, kwa sababu mtu aliye chini ya maji usiku anahitaji namba kubwa na mwanga. Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa na saa za maafisa wa kuonyesha njia ndani ya ndege zenye mm 55, zilizotengenezwa na IWC, A. Lange & Söhne, Laco, Stowa na Wempe. Hizo zilifungwa juu ya mkono wa koti, na ndani ziliwekwa mashine za ukubwa wa saa za mfukoni. Hakuna aliyefikiria kuzivaa ofisini.

Biashara ilianza mwaka 1993. Panerai iliweka sokoni Luminor ya mm 44 kwa raia, na mwaka huohuo Audemars Piguet wakatoa Royal Oak Offshore ya mm 42, iliyochorwa na Emmanuel Gueit. Wengi katika fani waliicheka. Royal Oak ya awali, ya mwaka 1972, ilikuwa mm 39 na hata hiyo ilibandikwa jina la Jumbo. Baadaye Sylvester Stallone akaipenda Panerai na kuivaa kwenye filamu ya Daylight ya mwaka 1996, na mwaka 1997 kampuni ikanunuliwa na kundi la Vendôme, ambalo leo ni Richemont. IWC wakafuata mwaka 2002 na Big Pilot ya mm 46.2, kisha Hublot mwaka 2005 na Big Bang ya mm 44. Zikaja kampuni za nguo na viatu na saa zao za betri, nyingine zikivuka mm 50.

Sababu ya ndani ni hii: saa za betri zilipoenea miaka ya 1970 na 1980, saa ya kujaza ufunguo haikuwa tena na sababu ya kununuliwa kwa ajili ya kujua wakati tu. Ilibidi ionekane. Kukuza bodi ya chuma cha pua hakuongezi gharama nyingi, na tayari kulikuwa na mashine ya kuijaza: ETA 6497, yenye asili ya saa ya mfukoni na upana wa mm 36.6. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Panerai nyingi za mwanzo. Bodi ya mm 44 juu ya mashine hiyo ina mantiki yake.

Nani aligeuza upepo?

Wakusanyaji wa saa za zamani walianza, viwanda vikafuata. Tazama kampuni ya Tudor: Black Bay ya mwaka 2012 ilikuwa mm 41, Black Bay Fifty-Eight ya mwaka 2018 ikashuka hadi 39, na Black Bay 54 ya mwaka 2023 ikafika 37. Rolex walipandisha Explorer kutoka mm 36 hadi 39 mwaka 2010, kisha mwaka 2021 wakairudisha 36. IWC mwaka huo wa 2021 walitoa Big Pilot ya mm 43. Panerai wenyewe, ambao jina lao lote limejengwa juu ya ukubwa, walitoa Luminor Due nyembamba mwaka 2016 na kuifikisha mm 38 mwaka 2018.

Kuna pia hesabu ya biashara. Saa ya mm 36 hadi 39 unaweza kumuuzia mwanamume na mwanamke, na unaweza kuiuza kwa watu wa Asia Mashariki ambao wengi hawana vifundo vipana vya mikono. Halafu watu maarufu, mwanamuziki wa rap Tyler, the Creator akiwa mmoja wao, walianza kuonekana na Cartier ndogo za zamani, na kijana aliyekuwa akiona saa ndogo ni ya babu akabadili mawazo.

Lakini mbona bado zinatoka saa kubwa mpya?

Kwa sababu soko limegawanyika. Mwaka 2022 Rolex walitoa Deepsea Challenge ya titaniamu, mm 50, ya kwenda mita 11,000. Mwaka huohuo Apple walitoa Watch Ultra ya mm 49. Mwaka 2023 Rolex wakaongeza Explorer ya mm 40 kando ya ile ya 36. Ukitaka kujua tasnia inaelekea wapi, angalia kampuni moja ina saizi ngapi za saa ileile. Zamani ilikuwa moja, leo ni mbili au tatu. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko mjadala wote wa kubwa na ndogo.

Saa mbili zote ni mm 42. Kwa nini moja inanikaa na nyingine inaning'inia?

Kipenyo hakikuambii kitu muhimu zaidi, yaani urefu kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini, pale mkanda unapoingia. Huo urefu ndio unaolala juu ya mkono wako. Seiko SKX007 ina kipenyo cha mm 42.5 lakini urefu wa sikio hadi sikio ni mm 46 tu, ndiyo maana hata mwenye mkono mwembamba huivaa bila shida. Zipo saa za mm 42 ambazo masikio yake yamenyooka hadi mm 51 na hayajapinda kufuata mkono. Hizo zitakutoka pembeni.

Mfano ulio wazi ni Casio G-Shock mbili zinazovaliwa sana. GA-110 ina upana wa mm 51.2, urefu wa mm 55 na unene wa mm 16.9. GA-2100, iliyotoka mwaka 2019, ina 45.4 kwa 48.5 kwa 11.8, na uzito wa gramu 51. Ukoo ni mmoja na ugumu ni uleule, lakini ya pili inaingia chini ya mkono wa shati na ya kwanza haiingii.

Nipimeje mkono wangu kabla ya kununua?

Utahitaji tepu ya fundi cherehani na rula.

1. Pima mzunguko wa mkono mahali unapofunga saa, juu kidogo ya mfupa unaochomoza upande wa kidole kidogo. Usikaze tepu. Pima jioni, maana asubuhi mkono huwa mwembamba zaidi.
2. Weka mkono mezani, kiganja kikiangalia chini. Shika rula juu yake na upime sehemu bapa tu, kabla mkono haujaanza kupinda kwenda chini. Hiki ndicho kipimo chenyewe.
3. Tafuta urefu wa sikio hadi sikio wa saa unayoitaka. Usipozidi ile sehemu bapa, saa itakaa.
4. Kama huna saa mbele yako, kata karatasi ngumu yenye urefu na upana wake, iweke mkononi, na uitazame kwenye kioo ukiwa umesimama. Saa inayotazamwa kwa karibu kupitia kamera ya simu huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kama huna muda wa kupima sehemu bapa, tumia makadirio ya wakusanyaji: mkono wa sm 15 hadi 16, urefu usizidi mm 46; wa sm 17 hadi 18, usizidi mm 49 au 50; wa sm 19 na zaidi, usizidi mm 52 hadi 54. Mikono bapa huvumilia milimita mbili zaidi ya mikono ya mviringo.

Na unene?

Watu wengi wanaolalamika kuwa saa ni kubwa wanalalamikia unene bila kujua. Chini ya mm 11 saa hupita kwenye kishikizo cha shati. Kati ya 11 na 13 inategemea shati. Juu ya hapo ni ya mikono mifupi. Mikono mipana ya kanzu haina tatizo hilo.

Unene mara nyingi hutokana na mashine. Kronografu, yaani saa zenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha, nyingi zikiwa za kujijaza kwa mwendo wa mkono hutumia ETA 7750 au mashine za jamii yake. 7750 peke yake ina unene wa mm 7.9, ongeza kioo, uso, mishale na mfuniko wa nyuma, unafika mm 13 hadi 15. Mashine ya kawaida ya kujijaza kama ETA 2824-2 ina mm 4.6, na Seiko NH35 ina 5.32. Ukiona kronografu ya kujijaza yenye unene wa mm 9 kwa bei ya mlo wa watu wawili, jua hiyo si kronografu.

Nitajuaje kama saa kubwa ya bei nafuu ni ganda tu?

Anza na dirisha la tarehe. Kila mashine ina diski ya tarehe yenye kipenyo chake, na dirisha haliwezi kwenda nje ya diski hiyo. Mashine ndogo ikiwekwa kwenye bodi ya mm 45, dirisha linabaki karibu na katikati ya uso, mbali na ukingo. Mchoraji mjanja huficha kwa kuongeza pete pana ya namba, lakini ukishaliona jambo hili hutaacha kuliona.

Ukifungua mfuniko wa nyuma utakuta mashine imezungukwa na pete pana ya plastiki inayojaza nafasi. Pete yenyewe si kasoro, hata saa nzuri zinayo. Kasoro ni pete inayocheza. Saa ikianguka, mashine inasogea, na kijiti cha kifundo, ambacho kwenye bodi kubwa ni kirefu na chembamba, kinapinda au kukatika. Ndiyo sababu kwenye saa za aina hii kifundo hubaki mkononi mwa mtu anayerekebisha saa.

Halafu angalia vijiduara vya usoni. Vibonyezo viwili vya pembeni vikibonyezwa, kitu lazima kianze kutembea, kisimame na kurudi sifuri. Kama vijiduara vimechorwa tu, au skrubu za ukingoni zimebandikwa kwa gundi, umeuziwa pambo. Kama uso umeandikwa Automatic lakini mshale wa sekunde unaruka hatua moja kwa kila sekunde, karibu kila mara ni ya betri na ni feki.

Bodi kubwa ina betri kubwa, kwa hiyo inadumu zaidi?

Hapana. Saa nyingi za fasheni hutumia mashine ya Miyota 2035 au inayofanana nayo, na betri ni SR626SW, yaani 377, yenye upana wa mm 6.8. Ni ileile iwe bodi ni mm 30 au 48.

Bodi kubwa inaweza hata kuleta taabu. Mishale mirefu na mizito inaielemea mota ndogo. Betri ikianza kuchoka, mshale wa sekunde hugota karibu na namba 9, kwa kuwa hapo ndipo unapanda dhidi ya uzito wake. Fundi akibadilisha betri na tatizo likarudi baada ya miezi michache, mwambie akague kama mishale ni ya asili na kama mashine ina mafuta yaliyoganda, asikuuzie betri ya tatu.

Kwa saa janja hadithi ni tofauti. Huko nafasi inatumika kweli: skrini, betri, antena. Garmin Fenix 7 ilitoka kwa mm 42, 47 na 51, na kubwa zaidi ndiyo yenye chaji inayokaa muda mrefu zaidi. Kumbuka pia kuwa mm 49 za Apple Watch Ultra ni urefu wa bodi ya mstatili, si kipenyo cha duara, kwa hiyo usizilinganishe na saa ya duara ya mm 49.

Saa kubwa huharibika wapi zaidi?

Kwenye pini za mkanda, kwanza kabisa. Mkanda wa mm 24 una pini ndefu kuliko wa mm 18, na pini ndefu hupinda katikati kwa urahisi zaidi, huku ikibeba saa nzito. Pini za unene wa mm 1.5 zinazokuja na mikanda ya bei nafuu zibadilishe kwa za mm 1.8 kama mkanda unapitisha. Zikague mara moja kwa mwaka: ichomoe, iviringishe mezani, ikiyumba imepinda. Ibadilishe. Ncha yenye kutu ya rangi ya kahawia nayo ibadilishwe hata kama bado inarudi ikibonyezwa.

Pili ni kioo. Eneo la kioo huongezeka kwa mraba wa kipenyo, hivyo kioo cha mm 36 kikikuzwa hadi 44 kinapokea nguvu ya maji iliyozidi kwa karibu nusu. Lazima kiwe kinene zaidi. Watengenezaji wa bei nafuu hawafanyi hivyo, wanaandika 3 ATM (kipimo cha kuhimili msukumo wa maji) na kuacha. Maandishi hayo yanatosha mvua na kunawa mikono tu. Kwa kuogelea tafuta 10 ATM na kuendelea. Kwa kuzamia na mtungi wa hewa, mita 200 na kifundo cha kukaza kwa kuzungusha.

Tatu ni kugongagonga. Bodi inayozidi mkono hugonga fremu za milango, kaunta na usukani. Kioo cha kawaida kitakwaruzika. Cha yakuti hakikwaruziki kirahisi lakini kikipigwa ukingoni kinamegeka.

Kifundo kinanichoma nyuma ya kiganja. Nifanye nini?

Sogeza saa juu ya mfupa, kuelekea kwenye kiwiko, na punguza ulegevu. Ikishindikana, ivae mkono wa kulia, au wakati mwingine nunua yenye kifundo kwenye namba 4, kama Seiko nyingi za wazamiaji.

Mkanda wa chuma unapunguzwaje?

Tazama upande wa ndani wa pingili, kuna mishale midogo. Pini husukumwa kutoka kufuata mshale, na hurudishwa kinyume cha mshale. Ukirudisha upande usio sahihi, kichwa cha pini hakikai na itatoka yenyewe siku moja bila kukuaga.

Toa idadi sawa pande zote mbili. Ikibidi kutoa pingili moja ya ziada, itoe upande wa namba 6, ili kufuli libaki katikati ya chini ya mkono. Acha nafasi ya kuingiza ncha ya kidole kidogo. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, pima mchana wa joto: mkono huvimba, na saa nzito iliyokazwa asubuhi huacha alama saa chache baadaye. Pingili zilizotolewa zihifadhi kwenye boksi.

Mkanda gani unafaa saa nzito kwenye joto na jasho?

Mpira au nailoni. Ngozi ya mm 24 hunywa jasho jingi, hunuka, kisha hupasuka kwenye matundu. Kama lazima iwe ngozi, uwe na mikanda miwili na uibadilishe kwa zamu, na usiivae baharini. Baada ya maji ya chumvi, osha bodi na mkanda wa chuma au mpira kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Uzito nao unapungua ukichagua madini: titaniamu ina takriban gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma cha pua karibu 8. Bodi ileile hupungua uzito kwa zaidi ya sehemu mbili kati ya tano, na mkono huisahau.

Kwa wanawake je?

Mtindo wa kuvaa saa ya ukubwa wa kiume bado upo, na unakaa vizuri ikiwa nyembamba. Mkono wa sm 14 hadi 15 hubeba mm 36 hadi 38 bila kuonekana umeazima. Chini ya mm 30 kunarudi kwa kasi, hasa za umbo la mstatili.

Saa ndogo za zamani zina thamani, au ni maneno ya wakusanyaji?

Zina thamani pale zinapokuwa na asili inayothibitika. Rolex zilizoagizwa kwa ajili ya zawadi za Sultan Qaboos wa Oman, zenye nembo ya jambia usoni, hugombaniwa minadani, na nyingi zina mm 36 hadi 40. Bei haitoki kwenye milimita.

Nina saa ya mm 47 na nimeichoka. Niiuzeje?

Kama ni ya betri ya kampuni ya nguo, usitarajie kurudisha sehemu kubwa ya fedha. Iuze haraka ingali inatembea. Kama ni ya Uswisi ya kujaza ufunguo, usiing'arishe. Mafundi wengi huipitisha kwenye brashi ya umeme, kingo za masikio zinayeyuka na mnunuzi mjuzi anashusha bei papo hapo. Safisha kwa brashi laini ya meno na maji ya sabuni, kifundo kikiwa kimekazwa. Rudisha pingili zote, boksi, kadi ya dhamana na stakabadhi ya huduma ya mwisho kama ipo. Piga picha ukiwa umeivaa, na uandike mzunguko wa mkono wako pamoja na urefu wa sikio hadi sikio, maana swali la kwanza utakaloulizwa kwenye simu ni kama itamtosha.